Saa tatu ya nani?

Wiki hii nimeshinda na madaftari ya watu waliopima Ziwa Tanganyika zamani. Madaftari magumu ya mistari, pembe zimeliwa na mende, kurasa zimejaa joto la maji, kina na muda, vyote kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Yamekaa kabatini miaka mingi na sasa kazi yangu ni kuyaingiza kwenye hifadhidata. Lakini safu ya muda imeandikwa "saa 3" tu, ukurasa baada ya ukurasa.

Saa tatu gani? Ya asubuhi, ambayo kompyuta inaiita 09:00? Ya usiku, 21:00? Au mwandishi alikuwa kwenye boti la mradi pamoja na wageni, akafuata saa za Kizungu, na 3 yake ni alasiri, au hata alfajiri? Majibu manne, na ziwa halifanani katika saa hizo. Asubuhi maji ya juu bado yana ubaridi wa usiku. Alasiri jua limeshayapasha. Usiku dagaa wamepanda juu na wavuvi wamewasha taa. Nyuzi 27 za asubuhi na nyuzi 27 za alasiri ni habari mbili tofauti kabisa, ingawa kwenye jedwali zinafanana kama pacha.

Halafu ziwa letu lina nchi nne na saa mbili. Tanzania tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa. Burundi, Zambia na upande wa Kongo unaopakana nasi wako saa mbili mbele. Mvuvi wa Katonga akisogea katikati ya ziwa, simu yake ikidaka mnara wa ng'ambo, saa inarudi nyuma yenyewe, kisha inasonga tena akirudi. Yeye hajali, anaangalia mwezi. Ila ukimpa fomu ya kujaza muda wa kutega na kuvuta wavu, unatakiwa kujua alisoma saa ya nani. (Na sisi wa Kigoma tunatumia saa inayolingana na jua la mbali upande wa mashariki yetu, ndiyo maana kwetu linachomoza karibu saa moja badala ya saa kumi na mbili. Wageni kutoka Dar hulalamika kwamba huku watu wanachelewa kuamka.)

Kazi hii nilijifunza kwa mifano ya bahari. Kituo cha taifa cha data za bahari kiko Zanzibar, kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nacho kimo katika mtandao wa IODE, mpango ulioanzishwa mwaka 1961 chini ya Tume ya Bahari ya UNESCO ili nchi zibadilishane data. Ofisi ya mpango huo iko Oostende, Ubelgiji, na mafunzo yake yamewapitia Waafrika wengi wa fani hii. Kila zoezi lilikuwa na mawimbi, maji kupwa na maji kujaa. Nikarudi nyumbani kwenye maji yasiyo na chumvi, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina kinachofika mita 1,470.

Baadhi ya viwango vya bahari vinakataa kukaa vizuri huku. Chukua chumvi. Kifaa cha CTD kinashushwa kwa waya kikisoma upitishaji umeme, joto na mgandamizo wa maji, kisha programu inageuza upitishaji umeme kuwa chumvi kwa fomula ya mwaka 1978. Fomula hiyo inachukulia kwamba chumvichumvi za maji zina uwiano wa bahari. Tanganyika ina magnesi na bikaboneti kwa wingi, uwiano wake ni mwingine, kwa hiyo namba inayotoka ni ya kubuni hata ikiwa na desimali nne. Sisi tunahifadhi upitishaji umeme wenyewe na kuandika umerekebishwa kwa joto gani, nyuzi 20 au 25. Hapo napo pana mtego: upitishaji hupanda kwa takriban asilimia 2 kwa kila digrii, hivyo majedwali mawili ya maji yaleyale, moja la 20 na jingine la 25, yatapishana kwa karibu asilimia 10. Msomaji asiyeambiwa atasema ziwa limebadilika.

Watu huniambia metadata, yaani maelezo yanayoambatana na data, ni urasimu. Sikubali. Fomu ya ISO 19115, kiwango cha kimataifa cha maelezo hayo, inahoji kama wazee wa mke siku ya posa: umetoka wapi, nani alikupima, kwa kifaa gani, nani anakufahamu, umepitia mikono ya nani mpaka hapa. Wengi wanakereka na maswali hayo. Mimi nayapenda, kwa sababu hayana majibu kwenye kompyuta. Lazima uinuke kwenye kiti ukatafute mtu.

Alhamisi nikaenda Ujiji kwa mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa boti la utafiti. Nilibeba nakala zilizoskaniwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na makaratasi tena?"

Akayaangalia kwa muda, akanirudishia. "Hizi si zenyewe."

"Ni nakala, mzee. Daftari liko ofisini."

"Basi kaangalie daftari. Asubuhi tuliandika kwa wino wa buluu. Usiku, wino mwekundu. Saa za Kiswahili zote, hakuna mwingine aliyekuwa anaandika pale."

Nilipofika ofisini nikafungua daftari lenyewe na wino mwekundu upo, umefifia ukawa rangi ya chai, lakini upo. Mradi fulani ulioskani madaftari haya zamani ulitumia nyeusi na nyeupe, ili faili ziwe ndogo. Rangi zikawa moja, na nusu ya maana ya safu ile ikabaki kabatini. Nakala hizo ndizo zilizosafiri nje ya nchi, na ndizo watu wanazotumia.

Sisemi haya kwa kupenda makaratasi ya kale. Mwaka 2003 tafiti mbili, moja kwenye jarida la Nature na nyingine kwenye Science, zilionyesha kwamba Tanganyika inapata joto, tabaka za maji zinachanganyika kidogo kuliko zamani, na virutubisho vya chini havipandi kama mwanzo. Ulinganisho wao ulirudi hadi vipimo vya mwaka 1913. Mabadiliko ya maji ya kina ni sehemu tu ya digrii moja. Ukubwa huo unaweza kumezwa na kipimajoto kibovu. Anayetaka kubisha au kukubali lazima aone kipimajoto gani, kina kilipimwaje, mahali gani. Mahali nako kuna hadithi yake: ramani zetu za zamani zilitumia mfumo wa Arc 1960, GPS inatumia WGS84, na tofauti ni kama mita 300. Pwani ya Kigoma, ambako sakafu ya ziwa inadidimia ghafla, mita 300 zinaweza kukutoa kwenye maji yenye oksijeni hadi kwenye maji yasiyo nayo.

Na mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Niliunga mkono, na bado naunga mkono. Lakini niliona pia mwalo wa Kibirizi bila dagaa wa kuanika, na mama mmoja muuzaji akaniuliza nyinyi wenye kompyuta mmejuaje samaki wamepungua. Nilimweleza nilivyoweza. Swali lake lilikuwa lilelile la fomu ya metadata, tena yeye alikuwa na sababu nzito zaidi ya kuliuliza.

Ijumaa ikaisha kwa ubishi. Zipo kurasa zilizolowa maji, wino wote umekuwa kahawia na hakuna wa kuutofautisha. Mwenzangu anataka tujaze 09:00, kwa kuwa safari nyingi zilikuwa za asubuhi, kisha tuweke alama 3 ya ubora, ambayo kwa mpangilio wa IODE ni data ya kutiliwa shaka. Mimi nasema muda uachwe wazi, alama 9, haupo, na tarehe peke yake ibaki. Anasema nikifanya hivyo hakuna programu itakayozichora kurasa hizo na zitasahaulika. Ana hoja. Lakini nikijaza 09:00, baada ya miaka kumi mtu ataifuta safu ya alama ili jedwali lipungue, maana nimeshaona wakifanya, na dhana yetu itakuwa kipimo.

Tumekubaliana kwanza tumpelekee mzee kurasa zenyewe, si nakala. Jumatatu nitaomba gari.