Injini imetoka ovahoo, silinda moja ina kompresheni ndogo

Tuseme geji ya kompresheni, yaani presha ya hewa inayoshindiliwa ndani ya silinda, inasoma hivi: 170, 165, 115, 168 psi. Silinda ya tatu imeachwa nyuma. Mkono unawasha kukamata spana na kufungua hedi (kifuniko cha juu cha silinda), na hapo ndipo gasketi mpya hutupwa bure. Injini iliyotoka ovahoo, yaani kufunguliwa na kufungwa upya, ina makosa yake, na mengi hubainika hedi ikiwa bado mahali pake.

Pima tena kwanza. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, mafuta na moto wa plagi vimekatwa, betri imejaa. Pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho. Ukisahau hilo silinda zote zitasoma chini na utalaumu ringi (pete za pistoni) zisizo na kosa. Piga stata mpaka silinda ishindilie mara 5 au 6, idadi ileile kwa zote nne.

Usisubiri namba ya mwisho tu, tazama mshale unavyopanda. Ukianza chini kisha ukajikongoja juu kwa kila mshindilio, shuku ringi. Ukianza chini na kukwama hapohapo, shuku valvu. Kipimo kinachokubalika na mafundi wengi ni kwamba silinda dhaifu isishuke chini ya robo tatu ya ile yenye nguvu. Hapa 115 kwa 170 ni kama asilimia 68, haipiti. Vitabu vya injini nyingine hubana zaidi ya hapo, kwa hiyo cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho.

Sasa mimina oili kijiko kimoja cha chai kupitia tundu la plagi, zungusha injini kidogo, pima upya. Usizidishe: oili nyingi hujaza nafasi juu ya pistoni na namba hupanda kwa uongo. Ikiruka hadi 150, ringi zinavujisha. Ikiishia 118, oili haijaziba kitu. Upepo unapita kwenye valvu au gasketi. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi kati yake ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Kwa injini iliyotoka ovahoo napenda kuanza na tapeti (visukumio vya valvu), kwa sababu ni kazi ya fila geji tu, vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi. Siti (vikalio vya valvu) na valvu zikisagwa, valvu huzama ndani ya hedi na mkia wake hutokeza juu zaidi. Nafasi ya tapeti inaliwa. Ikiisha kabisa, valvu haikai kwenye siti, na usipoiwahi ile ya ekzosi huungua. Tapeti za haidroliki hazikuokoi: mkia ukiwa mrefu kupita kiasi, nazo hukosa pa kurudi.

Tapeti zikiwa sawa, tumia upepo wa kompresa. Pistoni iwe juu kabisa, valvu zote mbili zimefungwa, na spana itolewe kwenye bolti ya krankishafti, maana upepo ukiisukuma pistoni spana hiyo huvunja vidole. Kisha sikiliza. Mlio kwenye ekzosi ni valvu ya ekzosi. Kwenye njia ya hewa, valvu ya kuingizia. Kwenye mfuniko wa oili, ringi. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi, au hedi yenye ufa. Mlio hafifu kwenye mfuniko wa oili usikutishe, ringi nzima nazo hupitisha kidogo.

Ringi zikishukiwa, usifungue siku hiyohiyo kama pengo la namba kati ya silinda ni dogo. Ringi mpya hukaa kwa kusukumwa na presha ya mwako, kwa hiyo gari litembee na kubeba mzigo wa wastani. Kuliacha likinguruma palepale saa nzima hufanya kuta za silinda zing'ae kabla ringi hazijakaa. Baada ya kilomita mia kadhaa, pima tena. Lakini pengo kubwa kama hili la 115, likiambatana na moshi wa bluu, halingoji kilomita. Hapo tafuta ringi iliyovunjika wakati wa kuingiza pistoni, au ringi ya pili iliyogeuzwa juu chini: alama yake ilitakiwa itazame juu.