Kabla hujapanda ndege ya Bangkok

Wiki yangu ya kwanza Nonthaburi, kando ya Bangkok, mwalimu mwenzangu aliniambia tutakutana kwa chakula "song thum". Song ni mbili kwa Kithai. Nikamuuliza kama anamaanisha saa mbili usiku, akashangaa, maana wageni wengi hesabu hiyo huwasumbua kwa miezi. Sisi tumezaliwa nayo. Jua likizama, Wathai huhesabu kama sisi: nueng thum ni saa moja, song thum saa mbili, sam thum saa tatu, mpaka saa tano. Kuanzia saa sita usiku njia zetu zinaachana, na asubuhi wengi wao hutaja saa kwa hesabu ya Kizungu, kwa hiyo usije ukachelewa kazini kwa kuitegemea. Lakini jioni ile, mbali na Tanga, nilijisikia nimefika kwa watu ninaowajua.

Mwaka nao una hesabu yake. Kalenda yao ya Kibudha iko mbele kwa miaka 543, kwa hiyo 2025 yetu ni 2568 yao. Utaiona kwenye mkataba wa nyumba, kwenye risiti, wakati mwingine hata kwenye dawa. Toa 543 kwanza, ndipo utie saini.

Nasisitiza tarehe kwa sababu zimeniumiza. Mwaka wangu wa pili mama aliugua ghafla. Nikakata tiketi usiku, asubuhi nikaondoka. Ruhusa yangu ya kukaa ilikuwa imebakiza miezi saba, nikajua nitaikuta. Sikujua kwamba ukitoka nchini bila kibali cha kuingia tena, ruhusa yote inakufa pale unapogongewa muhuri wa kutoka. Kibali cha safari moja ni baht 1,000, baht ndiyo fedha yao, na hata uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi kuna dirisha la kukipatia. Nilianza viza upya na nikakosa mshahara wa wiki sita. Shule niliyokuwa nafundisha wakati huo haikuniambia neno kabla, na baadaye ikasema ni jukumu langu. Kisheria ni kweli. Ndiyo maana nakuambia: pasipoti ni yako, ifungue mwenyewe, soma mihuri mwenyewe.

Ukikaa siku 90 mfululizo, unaripoti anwani yako Uhamiaji kwa fomu ya TM.47, ukichelewa faini ni baht 2,000. Ukizidisha muda wa kukaa, ni baht 500 kila siku mpaka zifike 20,000, na ukizidisha sana unaweza kufungiwa kurudi. Mwenye nyumba naye anatakiwa kukuandikisha kwa TM.30 ndani ya saa 24 tangu ufike. Muulize kabla hujalipa kodi, kwa sababu asipofanya, utakwama wewe dirishani.

Kutoka kwetu, usisahau kadi ya njano. Tanzania, Kenya na Uganda zimo kwenye orodha ya homa ya manjano, na chanjo iwe imepita siku 10 kabla ya safari. Beba vyeti halisi vya chuo na cheti cha polisi cha tabia njema. Kazi ya ualimu inataka shahada na viza ya kazi, na kwa sisi ambao hawatuhesabu kuwa wazawa wa Kiingereza, shule nyingi hudai pia matokeo ya TOEIC, mtihani wa Kiingereza. Hata ukiwa nayo, mara nyingi Mwafrika hulipwa chini ya Mwingereza mwenye shahada ile ile. Naliona ni dhuluma, na afadhali ulijue kabla hujasaini kuliko kuligundua kwenye chumba cha walimu.

Nyumba kwa kawaida ni amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja mbele. Hapa hakuna LUKU, umeme wa kulipia kabla: mita inasomwa, bili inakuja, na wenye nyumba wengi huongeza bei ya uniti juu ya ile ya shirika la umeme. Piga picha kila ukuta siku unayoingia.

Chakula hakitakutesa. Phak bung ni ndugu wa matembele, mchicha upo, ukwaju upo, tui lipo kila soko, mlonge pia. Sema "mai phet" kama hutaki pilipili. Kwa Waislamu wenzangu, "mai sai mu" ni usiweke nguruwe, na pande za Ramkhamhaeng, kwenye Kituo cha Kiislamu, utapata chakula cha halali bila kuuliza mara mbili.

Kwenye adabu tuna mtaji. Mkubwa kidogo kwako ni "phi", mdogo ni "nong", mama mtu mzima sokoni ni "pa", mzee ni "lung". Muite muuza matunda "pa" uone anavyokuchagulia embe. Usipandishe sauti, hata ukiwa na haki. Wao husema "jai yen yen", moyo uwe baridi. Usimguse mtu kichwani, usimnyooshee mguu. Na familia ya kifalme usiizungumze vibaya popote, mtandaoni pia: kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai ni jela miaka 3 hadi 15.

Sasa jambo linaloninyima usingizi. Napokea ujumbe mwingi kuhusu "kazi ya huduma kwa wateja Thailand", mshahara mnono, tiketi bure, njoo na viza ya utalii mengine tutashughulikia, dereva atakupokea. Vijana wetu, Wakenya, Waganda, Watanzania, wamepitishwa njia hiyo hadi Mae Sot, mpakani, wakavushwa mto Moei kuingia Myanmar na kufungiwa kwenye majengo ya utapeli wa mtandaoni. Februari 2025 Thailand ilikata umeme uliokuwa ukienda kule, na maelfu wakaachiwa, wengi bila hata nauli ya kurudi kwao. Ukishatua na ukaona gari linaondoka Bangkok kuelekea mkoa wa Tak, iliko Mae Sot, piga 1155, polisi wa watalii, kabla simu haijachukuliwa.

Mwezi uliopita binti mmoja wa Mombasa aliniandikia, tiketi ikiwa mkononi. Nilimwomba aniulizie kwa wakala ofisi iko mtaa gani. Akanitumia ramani waliyompa. Ilikuwa Mae Sot. Tulizungumza kwenye simu mpaka usiku wa manane, mama yake akiwa kando yake, na asubuhi hakwenda uwanja wa ndege.