Pindo la Kushoto Linapiga Waridi

Leso siku hizi huchorwa kwa kompyuta. Unatengeneza pindo, unajaza mji, yaani sehemu ya katikati, unaacha nafasi ya jina, yale maneno ya leso, kisha faili linakwenda kiwandani ng'ambo na marobota yanarudi kwa meli. Mwaka 2022 kazi hiyo nilikuwa nikimfanyia tajiri mmoja wa Biashara Street ambaye sote tulimwita Ami, ingawa hatuna undugu. Ami hakuwa msumbufu wa malipo wala wa kelele. Usumbufu wake ulikuwa rangi. Mwanamke wa Mombasa hanunui leso bila kuikunjua pale pale kaunta na kuikagua pindo kwa pindo, na zambarau ikitoka sivyo, anayerudishiwa mzigo ni Ami.

Kioo cha laptop yangu kilikuwa kimechoka, nyekundu zote zatoka namna moja. Nikadunduliza, nikaongezea zamu yangu ya chama, nikanunua monita ya inchi 27, ya 4K, yaani yenye vitone vingi vya picha, kwa shilingi 118,000. Duka lenyewe liko mjini, sitalitaja. Kabla sijalipa nilimweleza muuzaji kwamba kazi yangu ni rangi, nikamtolea hata leso mkobani aione. "Dada, hii ndiyo ya wenye kazi zao," akanijibu. Nikamwomba aandike kwenye risiti: kwa kazi ya kuchora rangi. Aliandika huku akicheka.

Faili la kwanza kulifungua lilikuwa leso ya mji mweupe na pindo la kijivu. Upande wa kulia kijivu kilikuwa kijivu. Upande wa kushoto kilikuwa kinapiga waridi, hafifu sana, kiasi cha kujitilia shaka mwenyewe. Nikaugeuza mchoro, kushoto ukaenda kulia. Waridi haikuhama, ilibaki kushoto. Basi tatizo si faili. Nikajaza kioo kizima kijivu kitupu, na hapo ndipo nilipoona vizuri: kutoka ukingo wa kushoto hadi karibu robo ya kioo kulikuwa na wekundu unaofifia polepole kuelekea katikati.

Giza lilipoingia nilitundika leso mbili dirishani kuzuia taa ya barabarani, nikazima taa ya chumba, nikaweka picha nyeusi tupu. Pembe ya chini kulia ikatoa mwanga wa manjano. Monita za aina hii zina taa nyuma ya kioo ambazo hazizimiki kabisa. Rangi nyeusi ni mwanga uliozuiwa tu, kwa hivyo fremu ikibana vibaya mahali, mwanga hupenya. Upo pia mng'aro wa kawaida wa vioo vya IPS, aina ya kioo cha monita yangu, lakini huo hubadilika ukisogeza kichwa. Nilisogea, nikainama, nikasimama juu ya kiti. Ile manjano ilikaa pale pale.

Asubuhi niliirudisha kwa tuktuk kutoka Tudor, boksi mapajani.

"Mimi sioni kitu," akasema muuzaji. Akamwita mwenzake, naye hakuona kitu. Akaja meneja, akaitazama kwa heshima kidogo, akasema, "Madam, hii ni hewa ya bahari. Chumvi." Nakubali kwamba chumvi ya Mombasa imeua redio na friji nyingi. Lakini kwa usiku mmoja? Na upande wa kushoto pekee?

Akaleta karatasi ya waranti. Humo mna mambo ambayo mnunuzi huelezwa akishalipa. Viwanda vya vioo hukubali idadi fulani ya vitone vibovu, na hesabu yake ilitoka kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 13406-2 cha mwaka 2001, kisha ISO 9241-307 kikakirithi mwaka 2008. Kwa daraja la pili, ambalo ndilo lililotumika sana, kile cha 2001 kiliruhusu katika kila pikseli (ndivyo vitone vyenyewe) milioni moja, mbili zinazowaka daima na mbili zilizozima daima, mbali na vijisehemu vya rangi vilivyokwama. Kioo cha 4K kina pikseli 8,294,400. Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha: taa kumi na sita zisizozimika, na bado wakwambie ni kizima. Nilimsomea meneja, naye akafurahi, akidhani nimeshakubali kushindwa.

Nikamwambia mimi sijalalamikia pikseli. Waridi si pikseli, na karatasi yake yote haikuwa na neno moja juu ya rangi kutofautiana upande na upande. Akasema basi nifanye kalibresheni, yaani nisawazishe rangi za kioo. Kalibresheni hurekebisha kioo kizima kwa pamoja: ukiondoa wekundu wa kushoto, kulia unakuwa kijani. Hapo akanyamaza, ila hakukubali. Nikampigia Ami, maana dukani kwake si mbali.

Alikuja kwa miguu baada ya Adhuhuri, kanzu na kofia, akaamkiwa shikamoo na duka zima, akakaa mbele ya monita kama anayesubiri chai. Akaitazama ile leso yangu kiooni.

"Wamwambia haoni?" akamuuliza meneja.

"Mzee wangu, hata wewe utaona iko sawa."

"Lete hilo boksi."

Wakampa kipande cha kadibodi. Akakisimamisha katikati ya kioo, kikaficha mji wote wa leso, yakabaki mapindo mawili tu, la kushoto na la kulia. Rangi inayobadilika polepole jicho huizoea njiani. Ukiiondoa ile njia, zinabaki rangi mbili zilizoachana. Kijana wa kaunta, yule yule aliyeniandikia risiti, ndiye aliyesema kwanza: "Eh. Huku kwapiga waridi."

Meneja alijaribu tena kurudi kwenye waranti. Nikatoa risiti. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, yasema mnunuzi akimjulisha muuzaji shughuli anayonunulia kitu, akategemea ujuzi wake, na kitu hicho ni katika biashara ya muuzaji huyo, kitu kinatakiwa kifae shughuli hiyo. Na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili. Sikupandisha sauti. Ami ndiye aliyemaliza kesi, kwa kumuuliza meneja kama angependa habari hii izunguke Biashara Street.

Monita nyingine ya kunibadilishia ilichukua wiki kadhaa kufika kutoka Nairobi, na kazi ya Idi nikaimalizia kwenye kioo cha kuazima cha binamu yangu. Ilipofika nilikataa kuibeba kabla ya kuifungua pale pale. Kijivu kilikuwa kijivu kushoto na kulia. Kadibodi ikawekwa, mapindo yakalingana. Weusi ukakaa weusi, isipokuwa karibu na ukingo wa juu kulikuwa na kitone kimoja cha kijani, kidogo kuliko mbegu ya ufuta, kisichozimika.

Kwa karatasi yao hicho ni halali. Mimi kwa kazi yangu kitone kimoja pembeni hakinikoseshi usingizi, lakini pesa yangu ilikuwa nzima, haina kitone. Tulivutana hadi alasiri ikaadhiniwa. Mwishowe wakanirudishia shilingi 6,000 kwa M-Pesa, nami nikasaini kwamba nimeikagua na kuipokea ilivyo.

Ile ya kwanza haikurudi kiwandani. Siku moja nikipita nje ya duka niliikuta dirishani, bei yake ni ile ile, imewekewa mechi. Nyasi zote za upande wa kushoto zilikuwa zimekauka.