Gari kukosa nguvu Kitonga
Jamani juzi napandisha mlima wa Kitonga kule Iringa na kigari changu cha 2003 mara taa ya cheki injini ikaanza kuwakawaka, gari ikaishiwa nguvu kabisa, nakanyaga mafuta inatetemeka tu mpaka malori yananipita. Nikapaki, maana taa ikiwakawaka hivyo ukalazimisha, petroli isiyoungua inaenda kuunguza masega (kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi). Fundi wa kwanza eti pampu ya mafuta, ninunue mpya, nikakataa mpaka ipimwe na kompyuta, ikatoka kodi (namba ya hitilafu) P0302 yaani silinda ya pili inamisi, haiunguzi mafuta vizuri. Fundi mwingine akahamishia koili (inayoipa plagi umeme wa kuwasha mafuta) ya silinda ya 2 kwenye ya 3, akafuta ile kodi ya hitilafu, tukawasha, ikaja P0303, yaani tatizo limeifuata koili hadi silinda ya 3! Koili ile ilikuwa na mpasuko mwembamba kama unywele. Nimefunga nyingine, imetulia kabisa.