Takwimu, televisheni na kiungo mkabaji

Katika vijiwe vya Kariakoo na vibanda umiza vya Manzese watu hubishana bila kuchoka iwapo kiungo apimwe kwa takwimu au kwa macho, na mara nyingi anayetetea macho ndiye mwenye sauti kubwa. Lakini wengi wanaosema wamemwona mchezaji wamemwona kwenye televisheni, na kamera ya televisheni hufanya lile lile linalofanywa na takwimu: hufuata mpira.

Ndani ya dakika 90 mchezaji huwa na mpira miguuni kwa dakika chache tu. Kwa namba kumi, yaani kiungo mshambuliaji, hilo si tatizo kubwa, kwani kazi yake huishia kwenye tukio linalohesabika; Stephane Aziz Ki alipoibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2023/24 akiwa na mabao 21, hakuna shabiki wa Yanga aliyehitaji kuelezwa thamani yake. Namba sita, yaani kiungo mkabaji, ni habari nyingine. Kazi yake nzuri zaidi ni pasi ambayo mpinzani hakuipiga, na pasi isiyopigwa haiandikwi popote.

Msimu wa 2015/16 N'Golo Kanté, kiungo mkabaji wa Leicester City, aliongoza Ligi Kuu ya England kwa kunyang'anya mipira mara 175 na kukata pasi mara 156, timu yake ikatwaa ubingwa, na msimu uliofuata akautwaa tena akiwa na Chelsea. Hapo namba zilisema kweli. Hata hivyo, Leicester ile iliwaachia wapinzani mpira kwa muda mrefu, hivyo nafasi za kunyang'anya zilikuwa tele, ilhali Sergio Busquets, namba sita wa Barcelona, ambaye timu yake ndiyo iliyokaa na mpira, asingeweza kufikia hesabu hiyo hata angetaka. Kuwalinganisha kwa safu hiyo moja ya takwimu ni kuwaonea wote wawili.

Nilizoea kumtazama kiungo mkabaji Khalid Aucho, aliyejiunga na Yanga mwaka 2021, nikiwa jukwaa la juu la Uwanja wa Benjamin Mkapa, upande wa nyuma ya goli (tiketi ya huko ni nafuu pia, nisijifanye mtaalamu). Mpira ukiwa bado kwa beki wa kulia wa wapinzani, yeye hugeuza shingo, husogea hatua mbili, humwonyesha beki wake wa kati kwa mkono. Winga anapopokea na kutazama ndani hukuta njia imezibwa, naye huurudisha nyuma. Takwimu zitaandika kwamba wapinzani wamekamilisha pasi.

Macho nayo yana upendeleo wake, na si wa Simba na Yanga peke yake. Jukwaa humshangilia kiungo anayeteleza chini kwa kishindo, ingawa mara nyingi ameteleza kwa sababu alichelewa kufika mahali alipopaswa kuwa, na namba za mipira aliyoipoteza humuumbua bila huruma. Kwa hiyo siulizi tena asilimia ya pasi zilizofika, maana za pembeni na za nyuma huijaza bure. Nauliza wapinzani walipitia wapi alipokuwepo uwanjani, na walipitia wapi alipotolewa.