Nilimgombeza shangazi, kumbe na mimi

Jumamosi nimetoka Bweyogerere mapema lakini foleni ya Jinja Road hapa Kampala ikanishika pale Banda, nikashuka kwenye teksi nikarukia boda mpaka Ntinda, maana hii mikutano ya kujitolea ya usalama wa kompyuta ukichelewa unasimama. Haina kiingilio, haina mheshimiwa wa kuifungua, haina bahasha ya posho. Mtindo wenyewe ulianzia Las Vegas mwaka 2009, watu mada zao zilikataliwa kwenye mkutano mkubwa wakaamua kufanya wa kwao, wakauita BSides, leo umesambaa duniani. Wa kwetu ni vijana tu na projekta moja, nyaya zinapita chini ya miguu kila mahali.

Kufika tu, natafuta waifai. Nikaona jina la mkutano, haina paswadi, nikabonyeza. Ikaja kurasa inataka imeili na paswadi, nikajaza huku namwambia mama wa rolex, ile chapati ya mayai, aweke mayai mawili.

Nilikaa sana kwenye meza ya kufuli. Dada mmoja anakupa vichuma viwili, kimoja unakisukuma kidogo kama unazungusha ufunguo, kingine unapapasa nacho vipini vya ndani kimoja kimoja, kile kinachobana ndicho unachoinua. Mimi nakaza mkono yeye anasema legeza, legeza bana, ukikaza hivyo vyote vinakwama. Dakika kama ishirini jasho linanitoka, mara tak, ikafunguka. Nilifurahi halafu nikakumbuka kufuli ya mlango wangu inafanana na hiyo hiyo.

Mada iliyonigusa ni ya mobail mani. Jamaa akaonyesha meseji ya "umepokea pesa", imeandikwa vizuri kabisa, ila juu imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, na salio halijasogea hata shilingi. Halafu inafuata simu, mtu analia ati amekosea namba, hiyo ilikuwa ada ya mtoto, tafadhali nirudishie. Ndivyo shangazi yangu wa Bombo alivyotuma shilingi 280,000. Nami nilimgombeza vibaya, yaani hata salio hukuangalia? Hakujibu. Tangu siku hiyo simu ikilia anampa mtoto ndio apokee.

Jioni waandaaji wakawasha projekta: waifai ile ilikuwa mtego wao wa kutufundisha. Herufi za mwanzo za imeili za watu kumi na moja, yangu ya tatu kutoka juu. Walisema paswadi hawakuhifadhi, sawa, lakini mimi naona wangetuomba ruhusa kwanza, maana sheria ya Uganda ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011 inasema kuingilia kompyuta au data ya mtu bila ruhusa ni kosa, na wao ndio walikuwa wanatuhubiria hayo asubuhi. Hata hivyo hakuna aliyecheka. Kijana akasema tu kwa upole, badilisheni leo hii.

Nikabadilisha paswadi nikiwa steji ya teksi, halafu nikapiga Bombo. Mtoto akapokea, nikamwambia mpe bibi simu. Nikamweleza shangazi yote, kurasa, rolex, projekta. Akanyamaza kidogo.

"Na wewe umesoma mpaka chuo?"

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia angalau sikupoteza pesa.

"Basi ukija leta sukari mwanangu, kilo mbili."