Kutoka Moshi hadi Olmoti, nikifuata hela za uwanja

Gia boksi ya Subaru ilikuwa imefungwa kwenye gunia la mkaa, imekaa kwenye nafasi ya miguu ya watu wawili, na kondakta akaidai nauli. Mwenye mzigo, fundi wa gereji moja ya Njiro, Arusha, akabishana naye tangu stendi ya Moshi mpaka tunaipita njia panda ya Machame, kisha akalipa nusu. Mimi ndiye niliyekaa naye, kwa hiyo hadi Arusha suruali yangu ilikuwa inanukia oili.

Nilikuwa nakwenda kuuona uwanja wa mpira unaojengwa Olmoti, Arusha, kwa ajili ya AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika. Nilipomwambia hivyo, fundi akacheka. Kwake yeye mpira ni sawa tu, ila Arusha ilipaswa kujengewa uwanja wa mbio za magari. Kila mwaka Safari Rally ikifika, yeye na wenzake hukodi Noah, huvuka Namanga na kwenda kulala kwenye mahema Naivasha. "Kaka, hela za Arusha zinaliwa na Wakenya," akasema. "Nyama, petroli, pa kulala, hata maji ya kuoga tunanunua."

Hoja yake haikuwa ya kijiweni. Mashindano yale yalianza 1953, na enzi hizo magari yalikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404, alikuwa dereva wa Tanzania. Safari Rally ilipotolewa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikakaa nje karibu miongo miwili, ikarudi 2021, tayari ilikuwa ya Kenya peke yake na kambi imewekwa Naivasha. Sisi tumebaki watazamaji wenye pasipoti.

Tukiwa tumesimama Boma Ng'ombe, madirishani wamejaa wauza ndizi na karanga, akanihesabia watakaofaidika uwanja wa mbio ukijengwa Arusha: mafundi, wauza matairi, vijana wa kuosha magari, wenye gesti, mama lishe, bodaboda. Hesabu tamu. Nikamuuliza Naivasha wanakula wangapi mbio zikishaondoka. Akasema pale pana ziwa, mashamba ya maua na watalii, hawana shida. Nadhani hapo alinijibu zaidi ya alivyokusudia. Naivasha ina riziki yake. Mbio huja kuongezea, na hupita kwenye vumbi la njia za mashambani ambazo zingekuwepo hata bila mashindano. Uwanja wa lami wa kujengwa kutoka sifuri ni habari nyingine kabisa. Korea Kusini walijenga wa kwao Yeongam, mbali mno na Seoul; Formula One, ubingwa wa dunia wa magari ya mbio, ikaenda mara nne tu, 2010 hadi 2013, ingawa mkataba ulikuwa wa miaka saba. India waliipata mara tatu, 2011 hadi 2013, halafu mvutano wa kodi na serikali ya jimbo ukaimaliza. Rwanda nayo, Desemba 2024, ilitangaza kuwa inaitaka. Fundi akaniambia mimi napenda kuharibu starehe za watu.

Njia ya KIA, Kikatiti na Usa River sina la kusema zaidi ya foleni ya malori. Tengeru ikaanza barabara ya njia nne na dereva akakumbuka kwamba ana haraka.

Fundi akanisindikiza hadi Olmoti, mzigo ukabaki kwa jamaa yake mjini. Bajaji ilituacha kwenye uzio wa mabati. Ndani majukwaa ya zege yameshasimama, winchi zinazunguka juu yake; uwanja wa watu 30,000, kazi ya kampuni ya Kichina, mkataba wa takriban shilingi bilioni 286. Uenyeji wenyewe tuliupata Septemba 2023, pamoja na Kenya na Uganda. Mashindano yote yana mechi 52, zigawanywe nchi tatu na viwanja vya kila nchi. Arusha itaangukiwa na chache.

Lakini hela tulizikuta, na zilikuwa nje ya geti. Chini ya turubai la bluu, mama mmoja alikuwa anapakua wali maharage kwa vijana wa saiti. Wengi wanakula kwa mkopo, wanalipa wakipata posho. Majina yao hayajui, kwa hiyo daftari lake limeandikwa anavyowaona: "Nondo mrefu, sahani 6." "Zege mwenye pengo, 4, chai 2." "Kofia nyeupe mkali, 1." Aliyelipa amekatwa kwa mstari mwekundu. Nilifungua kurasa tatu na karibu zote zilikuwa nyekundu. Kwa daftari lile amemaliza ada ya mtoto wa sekondari na kununua jiko la pili.

"Shikamoo mama," fundi akamwambia, "mechi zikianza si ndiyo utatajirika?"

"Marahaba, baba. Mechi zikianza hawa wameondoka." Akaendelea kupakua. Alishaambiwa kwamba siku za mashindano pale getini hakutakuwa na turubai, na wa kuuza atakuwa mwenye kibali. Hilo sikulishangaa, mashindano makubwa huja na wadhamini wao, hata soda inachaguliwa. Yeye anasubiri kujua fomu zinatolewa ofisi gani. Kila anayemuuliza anamwelekeza kwa mwingine.

Hatua chache mbele, dalali akatuonyesha kiwanja "kinachoangalia geti la AFCON", bei akaitaja akiwa ametazama pembeni. Mzee aliyekuwa amekaa karibu akasema eneo lile aliliuza yeye, kabla habari za uwanja hazijatangazwa. Aliyenunua naye ameshauza. Hakuongea kwa uchungu sana. Alitaka tu tujue dalali anaongeza bei.

Tukirudi barabarani nikamwambia fundi kwamba wanaochora miradi hii wangeanza na daftari la yule mama, waulize nani atakula Jumanne ya kawaida isiyo na mechi wala mbio. Uwanja wa mbio ukiwa na shule ya udereva, chuo cha ufundi, ukaguzi wa magari, mazoezi ya bodaboda, hapo ningemuunga mkono hata kesho. Wikiendi moja kwa mwaka haitoshi kumlipa hata mlinzi.

Akafikiri mpaka bajaji ikaja. Akakubali hayo yote, chuo, ukaguzi na mazoezi, kwa sharti moja: ujengwe Njiro, nyuma ya gereji yake, na mimi nisimwambie mtu mpaka awe ameshanunua eneo la jirani.